Kuchagua mtoa huduma za intaneti: Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

MTOA huduma za intaneti ni kampuni inayomuuzia mteja njia ya kufika kwenye mtandao. Haiuzi mtandao wenyewe, wala haimiliki tovuti, barua pepe au picha za video ambazo mteja anazifuata huko. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo chimbuko la malalamiko mengi: mteja humlaumu mtoa huduma kwa kosa la tovuti, humlaumu mwenye tovuti kwa kosa la mtoa huduma, na mara nyingi huwalaumu wote wawili kwa kosa la ruta iliyofichwa nyuma ya runinga sebuleni kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hakuwa na mengi ya kuchagua. Wengi walikwenda kwenye mikahawa ya intaneti na kulipa kwa dakika. Waliokuwa na modemu nyumbani walipiga simu kwa kampuni yao kupitia waya wa simu ya mezani, huku bili mbili zikikimbia kwa pamoja, ya simu na ya intaneti. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, huhitaji takriban dakika 12 kupakua wimbo mmoja wa megabaiti 5. Leo mtaa mmoja waweza kupitiwa na nyaya za faiba za kampuni mbili au tatu, juu yake mawimbi ya minara ya simu, na nchini Kenya, tangu Julai 2023, huduma ya setilaiti ya Starlink. Wingi huo umeleta tatizo jingine: matangazo yote yanafanana, na kila muuzaji anayegonga geti ana fulana yenye rangi za kampuni na ahadi ya kasi kubwa.

Njia ya data hadi nyumbani

Hadi mwaka 2009, ukanda wa Afrika Mashariki ulitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje. Setilaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali linalopanda na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia ileile, hutumia karibu nusu sekunde angani peke yake, kabla mtambo wa upande wa pili haujafanya lolote. Isitoshe, gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida.

Katika mwaka huo wa 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani yetu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. SEACOM na EASSy zilitua Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS iliiunganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nchini Tanzania nao ulianza mwaka 2009, ukaipeleka faiba mikoani na kuifikisha mipakani, ili nchi zisizo na bahari nazo zipate njia ya kutokea.

Historia hii si ya kujifurahisha tu. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi mitatu kabla ya hapo, Februari 2024, mikongo kadhaa ikiwamo SEACOM ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, hivyo mlango wa kaskazini ulikuwa tayari umebana pale wa kusini ulipofungwa. Kampuni zilizokuwa zimenunua nafasi katika mikongo mingine zilihamishia data zao huko, ingawa kwa kasi ndogo. Iliyotegemea mikongo hiyo miwili pekee haikuwa na pa kwenda hadi meli ya matengenezo ifike.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji, hususan kwa mwenye ofisi, shule, hospitali au biashara inayopokea malipo mtandaoni, lisiwe la bei. Muulize kampuni yake inatoka nje ya nchi kwa njia ngapi, na ni zipi. Muuzaji wa mlangoni aghalabu hatajua, na hilo si kosa lake. Lakini idara ya wateja wa biashara katika kampuni makini huwa na jibu, na hulitoa kwa maandishi. Jibu la kwamba “sisi hatukatiki” si jibu.

Liko pia suala la data ya ndani ya nchi. Barua pepe inayotoka Kariakoo kwenda Mikocheni haina sababu ya kupitia Ulaya, ila kwa miaka mingi ilikuwa ikifanya hivyo, kwa kuwa kampuni za hapa hazikuwa na mahali pa kukutania. Dawa yake ni kituo cha kubadilishana data, ambapo watoa huduma huunganisha mitambo yao na kupeana data bila kuitoa nje. Kenya ilikifungua chake, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje wakati huo, ililalamika, na mdhibiti akaamuru kifungwe kabla hakijatimiza hata mwezi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ina kituo chake, TIX, na Arusha una wake. Kampuni iliyojiunga na vituo hivyo huwafikisha wateja wake kwenye tovuti za benki, vyuo na serikali kwa haraka zaidi. Aidha, kampuni kubwa za dunia huhifadhi nakala za video zao karibu na vituo kama hivi, na ndiyo maana siku mkongo unapokatika filamu yaweza kuendelea kucheza vizuri ilhali barua pepe ya kawaida imekwama.

Faiba, mnara, antena au setilaiti

Pale ambapo faiba imefika, na mtu ana makazi ya kudumu, hakuna sababu kubwa ya kutafuta kitu kingine. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hausumbuliwi na mvua wala na wingi wa majirani hewani. Hata hivyo, yafaa kujua kwamba faiba ya majumbani nayo hugawanywa. Katika mfumo uliozoeleka, uzi mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde na hugawiwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikitumia zote kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila moja hupata kama megabiti 39. Hilo hutokea kwa nadra, kwa kuwa si wote wanaopakua kwa sekunde ileile. Kinachobana zaidi ni pale kampuni inapouza nyumba nyingi kuliko uwezo iliounyunyizia mtaa huo kutoka kwenye mkongo. Mteja hawezi kuliona hilo kwenye tangazo, ila jirani yake huliona kila jioni.

Adui wa faiba ni jembe na nguzo. Wachimbaji wa barabara na mabomba huikata, na pale ilipotundikwa kwenye nguzo, lori refu huiangusha. Basi uliza ni muda gani fundi huchukua kufika, na ikiwa kuna mtu anayepokea simu Jumapili.

Intaneti ya mnara wa simu, iwe ya 4G au 5G, ndiyo inayotumiwa na wengi kuliko zote, kwa sababu haihitaji fundi wala mkataba. Kinachoamua ubora wake ni umbali wa mnara na idadi ya watu wanaoutumia kwa saa hiyo. Mtandao mzuri Mwenge waweza kuwa hafifu Chanika, na uliosifiwa na mtu wa Moshi waweza usifae Mtwara. Kabla ya kununua ruta ya laini, chukua simu ya kawaida, weka laini za mitandao miwili au mitatu, na uzijaribu katika chumba kilekile utakachokitumia, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Jaribio la saa tatu asubuhi halisemi lolote, kwani majirani wako kazini.

Kampuni nyingine hufunga antena juu ya paa inayotazamana na mnara wao kwa mawimbi ya redio. Huduma hii ni nzuri kwa mitaa ambayo faiba haijafika, mradi hakuna jengo litakaloota katikati. Ghorofa mpya ikisimama kati ya paa lako na mnara, huduma imekwisha.

Setilaiti mpya, mfano wa Starlink, hazikai mbali kama zile za zamani. Huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, hivyo ucheleweshaji wake ni mdogo na mazungumzo ya video hufanyika bila taabu. Kwa shule ya bweni, hoteli ya mbugani au zahanati iliyo mbali na barabara ya lami, ni mkombozi. Lakini nazo zina mipaka ya idadi ya wateja kwa eneo moja: Novemba 2024 Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na haikuwarejesha hadi katikati ya mwaka 2025. Aidha, kifaa kilichosajiliwa katika nchi moja hakimpi mtu ruhusa ya kukitumia katika nchi ambayo huduma hiyo haina leseni. Wapo waliovuka mpaka na dishi kwenye buti la gari wakidhani wamepata njia ya mkato.

Jambo linalosahauliwa ni umeme. Ruta ya nyumbani na kile kisanduku cha faiba ukutani huzimika umeme ukikatika, hata kama mtambo wa kampuni uko hai. Betri ndogo ya ruta, inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya kompyuta, huviendesha vifaa hivyo kwa saa kadhaa. Katika miji yetu, fedha inayotumika hapo yaweza kuwa na faida kuliko kupanda kifurushi cha juu.

Kasi: hesabu ambayo tangazo haliifanyi

Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Mtu aliyelipia megabiti 10 kwa sekunde hupata, kwa hali bora kabisa, megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itamchukua zaidi ya dakika tisa. Akitazamia sekunde 70, atadhani ameibiwa, na kumbe hesabu ndiyo iliyompita.

Neno la pili la kutazama ni “hadi”. Tangazo la “hadi megabiti 50” haliahidi megabiti 50. Linaahidi kwamba hutapata zaidi ya hizo. Mkataba mzuri, ambao kwa kawaida huuzwa kwa makampuni na kwa bei ya juu, hutaja kiwango cha chini kisichopungua na fidia endapo kitapungua. Kwa nyumba ya kawaida huo ni ubadhirifu. Kwa duka linalotegemea mashine ya malipo ni suala la kupiga hesabu: saa moja bila huduma inakugharimu kiasi gani?

Kasi nayo ina pande mbili, ya kupakua na ya kupakia. Matangazo hutaja ya kupakua. Anayefundisha kwa njia ya video, anayetuma picha za harusi kwa wateja wake au mwenye kamera za ulinzi anazozitazama akiwa safarini anahitaji ya kupakia, na katika huduma nyingi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Uliza zote mbili. Mwenye kamera aulize pia iwapo atapewa anwani ya IP ya umma. Kampuni nyingi huwakusanya wateja mamia nyuma ya anwani moja, na kamera aina kadhaa hazifikiki kutoka nje kwa mpangilio huo.

Je, nyumba inahitaji kiasi gani? Video moja ya ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde, na ile ya kiwango cha 4K kama megabiti 15. Familia yenye runinga moja na simu nne hutosheka na megabiti 20 za kweli. Kinachowafanya wengi wapande kifurushi ni ruta iliyowekwa kwenye pembe ya nyumba, nyuma ya kuta za matofali. Mawimbi ya 5 GHz yana kasi ila hayapenyi ukuta vizuri, ya 2.4 GHz hupenya zaidi ila ni ya polepole na hugombaniwa na ruta za majirani. Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, kisha pima. Kasi ikiwa nzuri hapo, tatizo liko ndani ya nyumba yako.

Bei, vifurushi na maandishi madogo

Katika laini za simu, bidhaa inayouzwa ni kifurushi chenye kiasi na muda. Mteja hutazama kiasi na kusahau muda. Kifurushi cha gigabaiti 10 cha siku saba si nafuu kuliko cha gigabaiti 6 cha siku 30 kwa mtu anayetumia gigabaiti 5 kwa mwezi, kwani salio lililobaki hufa. Kwa upande mwingine, video ya ubora wa juu hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, kwa hiyo gigabaiti hizo 10 hazifiki hata saa nne za filamu. Kuishusha video hadi kiwango cha chini katika mipangilio ya programu hupunguza matumizi mara kadhaa, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani sana.

Bei za vifurushi ni jambo linalogusa hisia za watu wengi. Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoanza kutumika nchini Tanzania, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba bei hizo zilisitishwa mara moja.

Neno “bila kikomo” kwenye huduma za nyumbani lahitaji kusomwa kwa utulivu. Mara nyingi lina maana kwamba huduma haikatiki, bali ukishafikisha kiasi fulani kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Kiasi hicho huandikwa kwenye vigezo na masharti, si kwenye bango. Uliza ni gigabaiti ngapi, na kasi inashushwa hadi wapi. Kushushwa kutoka megabiti 20 hadi 5 kunavumilika. Kushushwa hadi kilobiti 512 ni sawa na kukatiwa.

Kisha uliza yafuatayo, na upate majibu kwenye karatasi: Je, bei imejumuisha kodi? Gharama ya kufungiwa ni kiasi gani, na nani analipia waya ukizidi urefu fulani? Ruta ni mali ya nani, na ikiharibika kwa radi nani anaibadilisha? Mkataba ni wa miezi mingapi, na kuuvunja kuna faini gani? Ukihama nyumba, je, huduma yaweza kuhama nawe? Swali hili la mwisho ni muhimu sana kwa mpangaji. Amelipia ufungaji katika nyumba isiyo yake, na siku mwenye nyumba atakapotaka chumba chake, waya utabaki ukutani kwa faida ya mpangaji mwingine. Pia, katika majengo mengi ya ghorofa mwenye jengo amekubaliana na kampuni moja tu. Uliza hilo kabla ya kulipa kodi ya pango ya miezi sita, si baada.

Huduma zilizo juu ya njia

Njia ikishapatikana, zipo huduma ambazo karibu kila mtu huzitumia: barua pepe, mazungumzo, hifadhi ya mafaili na tovuti. Kanuni moja yafaa kwa zote: zisifungamane na yule anayekuuzia njia.

Zamani kila mtoa huduma alimpa mteja anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni, na watu waliichapisha kwenye kadi za biashara na milango ya magari. Kampuni hununuliwa na kubadili majina. Raha, mojawapo ya kampuni za mwanzo Tanzania, ilinunuliwa na Liquid Telecom mwaka 2017. Tigo ya Tanzania ikawa Yas Novemba 2024. Mwenye anwani iliyotundikwa kwenye jina la mtoa huduma hana uhakika nayo siku atakapohama. Kwa mtu binafsi, anwani ya bure kama ya Gmail au Outlook inatosha. Kwa biashara, sajili jina la kikoa lako, la .co.tz au .co.ke, na barua pepe ziwe na jina hilo. Basi waweza kubadili kampuni inayozihifadhi bila mteja wako kugundua.

Hapa pana mtego ambao umewaumiza wengi. Mfanyabiashara humwachia kijana fundi kazi ya kutengeneza tovuti, naye kijana husajili kikoa kwa jina na barua pepe yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye wamegombana, au kijana amehamia nchi nyingine, na ada ya mwaka imeisha. Kisheria kikoa si cha mfanyabiashara, ingawa jina ni la duka lake na limeandikwa juu ya mlango. Mwambie msajili aandike jina la biashara yako kama mmiliki, na barua pepe ya taarifa iwe yako.

Huduma za bure nazo hufa. Yahoo Messenger ilifungwa Julai 2018. Yahoo Groups, ambako Waswahili wengi walioko ughaibuni walijadiliana siasa, ndoa na misiba kwa miaka, ilifungwa Desemba 2020, na mijadala isiyohifadhiwa na wenyewe ikapotea nayo. Skype, iliyowapa wazazi wa Tanga na Lamu nafasi ya kuziona nyuso za wajukuu zao wa Muscat na London, ilizimwa Mei 2025. Kampuni hutoa notisi ya miezi michache, na notisi hiyo hutumwa kwenye anwani ambayo huenda hujaifungua tangu mwaka juzi.

Hifadhi ya mafaili hufuata sheria ileile. Google humpa mtumiaji gigabaiti 15 bila malipo, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Tangu Juni 2021 picha mpya zote huhesabiwa humo, na tangu mwaka 2024 nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android zimeanza kuhesabiwa pia. Nafasi ikijaa, barua pepe huacha kuingia, na mwombaji kazi anaweza kuikosa barua ya kuitwa kwenye usaili kwa sababu ya video za vichekesho za kundi la familia. Nunua diski ya nje, hamishia humo picha za muhimu, na uihifadhi nje ya chumba chenye kompyuta.

Kuhusu faragha: WhatsApp imekuwa ikifunga ujumbe wote kwa usimbaji kati ya mtumaji na mpokeaji tangu mwaka 2016, kwa hiyo mtoa huduma wako wa intaneti hawezi kuusoma. Nakala ya akiba, hata hivyo, haifungwi kwa namna hiyo hadi wewe mwenyewe uiwashe kwenye mipangilio. Vivyo hivyo, tovuti yenye kufuli kwenye kivinjari huficha unachoandika, si ukweli kwamba umeitembelea. Wala kufuli si cheti cha uaminifu. Matapeli nao huweka kufuli kwenye tovuti zao. Soma jina la kikoa herufi kwa herufi kabla ya kuingiza nywila ya benki.

Kuna kitu ambacho hakuna mtoa huduma awezaye kukuuzia, nacho ni kinga dhidi ya amri ya serikali. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania Oktoba 2025. Katika siku hizo faiba, mnara na bei ya kifurushi vilikuwa sawa tu. Watu wengi huzitegemea programu za VPN, ambazo hupitisha data ndani ya njia iliyofichwa; ila Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaozitumia Tanzania wanapaswa kutoa taarifa kwake, nazo hazifanyi kazi pale njia yenyewe inapokuwa imefungwa. Mwenye biashara awe na namna ya kuandika mauzo na kupokea malipo bila mtandao kwa siku kadhaa.

Laini ya simu ndiyo ufunguo

Barua pepe, benki, M-Pesa na WhatsApp sasa hujifungua kwa tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Anayeishika laini yako ameshika vyote. Ukiiacha laini bila kuitumia kwa muda mrefu, kampuni huifunga na baadaye kumpa mteja mwingine namba hiyo, ambaye ataanza kupokea tarakimu za akaunti ulizosahau kuziondoa. Kabla ya kuitupa laini, ingia kwenye kila huduma na ubadili namba. Ikiwa sababu ya kuitupa ni mtandao mbovu, huna haja ya kuipoteza namba: kuhama mtandao na namba yako kunaruhusiwa Kenya tangu Aprili 2011 na Tanzania tangu Machi 2017.

Mtumiaji wa Tanzania apige *106# mara kwa mara ili aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Akiikuta asiyoijua, aende kwa mtoa huduma husika aifunge. Ujumbe wa aina ya “ile hela itume kwenye namba hii” utumwe kwenda 15040. Pia weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, ikibidi kwa programu maalumu badala ya ujumbe mfupi. Nywila peke yake haitoshi: wizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zote za Yahoo, bilioni tatu kwa idadi, na wenye kutumia nywila moja kila mahali walipoteza zaidi ya barua pepe.

Mambo yakiharibika

Lalamika kwanza kwa mtoa huduma, na omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Simu isiyo na namba hiyo ni kama haikupigwa. Andika tarehe na saa ya kila kukatika, na upige picha matokeo ya vipimo vya kasi ukiwa umeunganisha kompyuta kwa waya. Usiporidhika, Mtanzania hupeleka shauri lake TCRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo liliundwa kwa sheria hiyohiyo. Asiyekubali uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Kwa Mkenya mlango ni Mamlaka ya Mawasiliano. Suala likihusu taarifa binafsi, kwa mfano kampuni kumpa mtu mwingine namba yako kwa ajili ya matangazo, Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na kamishna wake, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake.

Mdhibiti atataka kuona mkataba, risiti na namba za kumbukumbu. Vitunze mahali pamoja, na nakala moja iwe ya karatasi.